Kitanzi hakikumlinda baba: barua ya wazi kwa watunga sheria na wasimamizi wa polisi

Waheshimiwa,

Ninawaandikia Waziri wa Katiba na Sheria, Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mkuu wa Jeshi la Polisi na wabunge wote mlioko Dodoma, kuhusu wito wa kuweka adhabu ya lazima kwa anayemuua askari au mwokoaji. Ninaandika hadharani kwa sababu barua za bahasha na mhuri familia yetu imeshaandika nyingi.

Mimi ni mtoto wa askari. Nimezaliwa na kukulia kota za polisi, kwenye zile nyumba ambazo ukuta ni mwembamba kiasi kwamba unamtambua baba wa jirani kwa mlio wa buti zake akirudi zamu usiku. Baba yangu alikuwa sajenti. Mwaka 2004 aliuawa akisindikiza basi la abiria kwenye mapori ya upande wa mpaka wa Burundi, miaka ile ambapo mabasi hayakupita huko bila askari mwenye bunduki ya SMG kukaa kiti cha mbele pembeni ya dereva. Majambazi walikuwa wamelaza gogo barabarani. Baba alishuka wa kwanza, kama kazi yake ilivyomtaka. Abiria wote walifika salama. Yeye aliletwa nyumbani nyuma ya difenda, amefunikwa shuka. Nilikuwa kidato cha pili.

Nimeanza na hayo kwa sababu ninayotaka kuwaomba yanaweza kumshangaza anayedhani kila yatima wa askari anataka jambo moja tu.

Kila askari anapouawa kazini, maneno yaleyale hurudi. Kwamba sheria iwe kali zaidi. Kwamba anayemuua askari, au mtu wa zimamoto, au wa gari la wagonjwa, apewe adhabu ya lazima ambayo jaji hawezi kuigusa. Wanaoyasema ni pamoja na ndugu zangu wa kota, na siwalaumu hata kidogo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliyasema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini adhabu hiyo ya lazima tunayo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 196 kinaeleza kosa la kuua kwa kukusudia, na kifungu cha 197 kinasema anayetiwa hatiani adhabu yake ni kifo. Ukiacha mjamzito na mtu aliyetenda kosa akiwa na umri chini ya miaka 18, jaji hana anachochagua. Kifungu hicho tumekirithi kwa mkoloni na tumekitunza mpaka leo. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeelekeza bunduki kwa askari wa Tanzania katika maisha yangu yote alikuwa tayari anasubiriwa na kitanzi. Hapakuwa na mahali pengine pa kuongeza ukali.

Na bado tulizika. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, alipigwa risasi usiku pale Kitangiri. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari wanne wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Agosti 2016 askari wanne waliuawa nje ya tawi la benki Mbande, Mbagala, wakiwa wamefika kubadilishana lindo. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mara moja ndani ya gari lao pale Mkengeni, Kibiti. Wanane. Mwezi Juni mwaka huohuo wakauawa wawili wa usalama barabarani pale Bungu. Agosti 2021, mchana kweupe, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, tukapoteza askari watatu na mlinzi mmoja.

Nimekaa na orodha hiyo muda mrefu, na kuna kitu ambacho wanaodai sheria mpya hawakitazami. Pale ubalozini, yule wa nne alikuwa mlinzi wa kampuni binafsi. Alikuwa lindoni kama wale watatu. Sheria mnayoombwa ingewalaza askari upande mmoja na mlinzi upande mwingine, ingawa damu yao ilimwagika mahali pamoja. Pale Stakishari walikufa raia watatu pamoja na askari. Kibiti na Rufiji, kabla na baada ya Mkengeni, waliuawa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watu waliolinda amani ya vijiji vyao bila bunduki wala mshahara wa maana. Mjane wa mwenyekiti wa kitongoji mtamwambia nini? Kwamba mumewe hakuvaa sare?

Niwarudishe kwenye kesi ya baba, maana ndiyo iliyonibadilisha.

Ilichukua miaka mitatu kabla haijaanza kusikilizwa. Washtakiwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, na ndiye aliyefyatua risasi; ushahidi juu yake ulikuwa wazi. Wa pili alikuwa na miaka 19 siku ya tukio. Yeye hakuwepo porini. Kwa ushahidi uliotolewa, alilipwa akae stendi ya mji mdogo uliotangulia, kisha apige simu basi likiondoka. Alipiga. Sheria yetu inasema watu wakikubaliana kufanya uovu, kila mmoja anabeba kilichotokea, na mimi sibishani na hilo. Alistahili adhabu. Simu yake ndiyo iliyomfikisha baba kwenye gogo.

Konda wa basi lile alikuwa amemwona pale stendi. Alimwambia baba mdogo kwamba hataki kwenda kutoa ushahidi juu ya kijana, kwa sababu neno lake moja lingemnyonga mtoto wa watu. Kwa yule mpiga risasi alikuwa tayari kusema hata mara kumi. Ilibidi apelekewe wito mara mbili. Wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji kumpa maoni yao, nao waligawanyika: juu ya yule mkubwa hawakusita, juu ya mdogo wawili kati ya watatu walisema hana hatia. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kuwa wale wazee hawakuwa wajinga. Waliona kwamba kati ya kunyongwa na kuachiwa hakuna njia ya katikati, wakachagua iliyowapa usingizi.

Jaji alimtia hatiani kila mmoja kwa sababu zake, kurasa kwa kurasa, akieleza tofauti ya kila mmoja kwa makini sana. Kisha ilipofika adhabu, tofauti zote zile zikaisha. Alisoma sentensi moja kwa wote wawili. Mama yangu, mjane wa marehemu, aliyekuwa amekaa kimya wiki nzima, alinigeukia akanong'ona: "Na huyu mtoto naye?"

Hilo ndilo ninalowaletea. Adhabu ya lazima inamfanya jaji asikilize kesi mwezi mzima kisha asihesabu alichokisikia. Inamtia shahidi hofu. Inampa mshiriki mdogo sababu ya kunyamaza, maana hata akiwataja waliompanga na akaeleza bunduki zilitoka wapi, hapunguziwi kitu. Yule kijana alijua mengi. Hakuna aliyemuuliza kwa namna ambayo ingempa sababu ya kujibu. Waliowaazima bunduki majambazi wale hatujawajua mpaka leo.

Majaji wetu wenyewe wamelisema hili kabla yangu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, katika shauri la Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kwa kuwa ndiyo ya juu tunauheshimu. Lakini Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa hapahapa Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ule ulazima wa adhabu ya kifo, yaani kumnyima jaji nafasi ya kupima, unakiuka haki ya uhai, na ikaitaka Tanzania iuondoe kwenye sheria. Uganda ilishafika hapo mwaka 2009 kwa shauri la Susan Kigula. Kenya ikafika Desemba 2017 kwa shauri la Muruatetu. Hakuna kati yao iliyowafungulia milango wauaji wa askari. Jaji wa Nairobi au Kampala bado anaweza kutoa adhabu kali kabisa. Anachotakiwa ni kueleza kwa nini.

Wapo wanaotutajia Uingereza. Ni mfano mzuri, tuusome wote. Agosti 2019 askari kijana, Andrew Harper, aliburutwa na gari la vijana waliokuwa wakikimbia baada ya wizi huko Berkshire, akafa. Walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mmoja akapewa miaka 16 na wawili miaka 13 kila mmoja. Mjane wake, Lissie Harper, hakukubali, akapigana mpaka mwaka 2022 Bunge lao likapitisha kifungo cha maisha cha lazima kwa anayesababisha kifo cha askari, mtu wa zimamoto au mhudumu wa gari la wagonjwa akiwa kazini, kwa kitendo cha kihalifu. Ninamheshimu sana mama yule. Najua alikuwa anasimama na nini moyoni. Ila mtazame walichoandika: hata sheria hiyo imemwachia jaji mlango pale penye mazingira ya kipekee. Na wao hawana kitanzi. Ukali wao wa juu kabisa ni hatua moja chini ya huu wetu wa siku zote, na wameona vema kuacha nafasi ambayo sisi hatuna.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa polisi huona tabu kulisema, lakini nitalisema. Septemba 2012 pale Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa mikononi mwa askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikampa miaka 15. Jaji alikuwa na nafasi ya kupima, akapima. Wapo walioona ni michache, wapo walioona inatosha, lakini kila mmoja aliweza kusoma sababu. Mkiandika kwamba raia akisababisha kifo cha askari hakuna kupima, na askari akisababisha kifo cha raia tunapima, wananchi wataliona haraka sana. Na polisi hawawezi kumkamata muuaji wa polisi bila mwananchi. Kibiti ilituonyesha: kijiji kilichoogopa pande zote mbili, wauaji na polisi, kilifunga mdomo, na upelelezi ukafa njaa.

Kuhusu Kibiti nina neno zaidi. Tulitangaziwa kwamba watuhumiwa kadhaa wameuawa kwenye majibizano ya risasi, na mauaji yakakoma. Nilishukuru yalipokoma. Lakini maiti haihojiwi. Familia za wale wanane wa Mkengeni hazikukaa kwenye benchi la mahakama kama nilivyokaa mimi, hazikusikia nani alipanga, nani alilipa, silaha zilienda wapi. Na Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiandika habari za mauaji yale, ya askari na ya raia, alichukuliwa Novemba 2017 na mpaka sasa hajulikani alipo. Aliyekuwa akiweka kumbukumbu ya vifo vya askari wetu naye amepotea. Mnapotuuliza familia za polisi tunataka nini, wekeni hilo juu: tunataka kujua. Hukumu ya lazima kwa mtu ambaye hajakamatwa haitufai kitu.

Kingemlinda nini baba? Nimelifikiria hilo miaka ishirini. Fulana ya kuzuia risasi; hakuwa nayo. Askari wa pili ndani ya basi. Ratiba ilisema wawili, siku ile alikuwepo mmoja. Redio ya mawasiliano inayoshika porini. Yake ilinyamaza baada ya kilomita chache. Siandiki haya kumshtaki mkubwa wake wa wakati ule, ambaye naye aligawiwa alichogawiwa. Ninaandika kwa sababu muswada wa kuongeza adhabu haugharimu hata shilingi kumi, na fulana inagharimu. Naomba mwaka wa bajeti mnaohesabu vifaa vya lindo, mbunge mmoja asimame aulize ni askari wangapi wa doria wanatoka usiku huu bila hiyo fulana, na ajibiwe kwa idadi.

Wenzetu wa Zimamoto na Uokoaji nao wana yao. Hawa mara nyingi hawauawi kwa bunduki. Wanapigwa mawe na watu wenye uchungu, kwa kuwa wamefika nyumba imeshateketea, au boza limeishiwa maji kwenye uchochoro usio na njia ya kugeuza gari. Anayerusha jiwe ana kosa na ashtakiwe. Lakini jiwe hilo halirushwi na mtu aliyesoma Kanuni ya Adhabu. Vituo vikiwa karibu, maji yakiwepo, na mtaa ukiwa na njia, jiwe linabaki chini.

Na hapa kwetu ni nani hasa anayefika wa kwanza? Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, waliochimbua kifusi kwa mikono saa za mwanzo walikuwa wafanyabiashara na vijana wa mtaani. Usiku barabarani ni bodaboda anayembeba majeruhi. Kama kweli mnataka kumlinda mwokoaji, andikeni sheria inayomwona na huyo asiye na cheo: kwamba kumshambulia mtu yeyote anayeokoa maisha ya mwingine, askari, mhudumu, mvuvi, ni jambo linaloongeza uzito wa adhabu, na jaji alizingatie. Liandikeni hivyo kwa wote. Na mkumbuke Zanzibar wana sheria yao ya adhabu ilhali Jeshi la Polisi ni la Muungano. Askari huyohuyo akihamishwa kutoka Temeke kwenda Unguja asije akawa na thamani nyingine baada ya kuvuka bahari.

Ombi langu juu ya kifungu cha 197 ni fupi: ondoeni ulazima. Aliyemuua askari kwa kukusudia, jaji akiona hivyo, afungwe maisha bila kupunguziwa siku. Aliyelipwa kupiga simu apimwe kwa simu yake. Hata sasa hatunyongi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hajanyongwa mtu, na Septemba 2017 Rais Magufuli alisema wazi asipelekewe orodha ya wa kunyongwa. Tunachofanya ni kumweka mtu kwenye chumba cha kusubiri kifo kisichokuja, na kumwambia mjane kwamba haki imetendeka.

Mjane huyo, wakati huohuo, anafuatilia mafao. Mama alianza kwenda ofisini nikiwa na sare ya shule. Leta muhtasari wa kikao cha ukoo. Leta barua ya usimamizi wa mirathi. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo lina herufi moja zaidi ya lililo kwenye jalada la ajira, nenda ukaapishwe. Faili liko makao makuu. Faili limerudi. Tulitolewa kota kabla ya fedha ya kwanza kutoka, kwa kuwa nyumba ni ya askari na askari hayupo. Mdogo wangu aliacha shule muhula mmoja, na muhula huo ukawa mwaka. Sehemu ya stahili za baba ililipwa mimi nikiwa tayari nimeolewa. Hapa ndipo neno "lazima" lingefaa, waheshimiwa. Iwe lazima mafao ya askari, zimamoto au mhudumu wa afya aliyefia kazini yalipwe ndani ya siku zinazotajwa kwenye sheria. Iwe lazima familia isitolewe kota kabla hayajalipwa. Iwe lazima afisa mmoja mwenye jina na namba ya simu akabidhiwe jalada hilo mpaka lifungwe.

Mtakapokaa kulijadili jambo hili, kamati ya Bunge itaita wadau. Naomba mniite. Nauli ya Dodoma ninayo. Na kama inawezekana, mwiteni pia mama wa yule kijana wa stendi. Tulikaa naye benchi moja nje ya mahakama kwa wiki nzima tukisubiri shahidi ambaye hakuja, yeye na mama yangu wakinywea maji kikombe kimoja kwa sababu kilikuwepo kimoja. Alisafiri kwa basi lilelile tulilosafiri sisi. Ana maneno ya kusema juu ya mwanawe, na mama yangu amesema yuko tayari kukaa naye tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa sajenti